Barua ya wazi: Mwalimu hodari wa shule apewe darasa la kwanza

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia. Waziri wa Nchi anayesimamia Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI). Mwenyekiti wa Tume ya Utumishi wa Walimu. Na wakurugenzi wa halmashauri zote nchini.

Yah: Upangaji wa walimu wa darasa la kwanza na la pili

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Nimefundisha katika shule za msingi za serikali kwa miaka 34, na miaka 12 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu. Nimestaafu, kwa hiyo barua hii haiombi uhamisho, haiombi kupandishwa daraja wala kulipwa malimbikizo, ingawa mambo hayo matatu nayo yana barua zake. Ninaandika juu ya uamuzi mmoja unaofanywa kila Januari katika kila ofisi ya walimu nchini, tena kwa muda usiozidi saa moja, ambao kwa maoni yangu unagusa mafanikio ya mtoto kuliko uamuzi mwingine wowote tunaoufanya shuleni: nani afundishe darasa lipi.

Kila mwalimu mkuu anajua uamuzi huo unavyofanyika, ila hatuuandiki katika taarifa. Mwalimu hodari kuliko wote huwekwa darasa la saba, anayemfuatia hupewa la nne, kwa sababu madarasa hayo mawili yana mitihani ya Baraza la Mitihani. Madarasa ya katikati hugawanywa kwa waliobaki. Darasa la kwanza huangukia kwa anayekaribia kustaafu, au mama aliyerudi likizo ya uzazi akaomba apunguziwe mzigo, au mwalimu mgeni ambaye hajajua kukataa, au yule aliyekosana na mkuu wake. Nilimsikia mwalimu mkuu mwenzangu, katika mkutano wa kata, akijisifu kwamba ana dawa ya walimu wakorofi: humwambia mtu, "Ukiendelea hivi nitakupeleka darasa la kwanza." Tulicheka wote, na mimi nilicheka.

Neno "ubora wa mwalimu" likiachwa hivi hivi kila mtu hulijaza anachotaka, kwa hiyo naomba tuingie darasani. Mtoto wa darasa la pili amepewa 42 kutoa 17, akaandika 35. Mwalimu wa kwanza anaweka kosa kwa kalamu nyekundu na kuvuta daftari linalofuata, maana mezani yamerundikana madaftari 90 na kengele inakaribia kugongwa. Mwalimu wa pili anaona kwamba jibu lile si la kubahatisha. Mtoto ametoa 2 katika 7 kwa sababu siku moja aliambiwa kwamba namba ndogo hutolewa katika kubwa, naye akalishika agizo hilo kwa utii wote. Mwalimu huyu haweki kosa kwanza. Anamwita, anampangia mezani mafungu manne ya vijiti kumi kumi vilivyofungwa kwa kamba ya mgomba, na vijiti viwili pembeni, kisha anamwambia, "Nipe saba kwanza." Mtoto anatazama vile viwili, anatazama mafungu, anamtazama mwalimu usoni kama anayeomba ruhusa, halafu anaanza kufungua kamba ya fungu moja. Siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni na daftari langu la ufuatiliaji, na sikuandika kitu, kwa kuwa fomu niliyokuwa nayo iliuliza kama mwalimu ana andalio la somo na kama ubao umeandikwa tarehe.

Walimu hao wawili wana cheti kile kile cha Daraja A. Wanalipwa kwa ngazi ile ile ya mshahara, na kila mmoja ana kishikwambi kutoka katika vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022. Kwa takwimu zenu, shule yangu ilikuwa na walimu wawili wa madarasa ya chini. Kwa watoto wa mwalimu wa kwanza, idadi hiyo ilikuwa na maana nyingine kabisa.

Mtoto asiyefunguliwa kamba ile darasa la pili haachi kukua. Anavuka, kwa kuwa tunavusha. Nilipokuwa nikiingia darasa la tano kushika kipindi cha Kiswahili cha mwenzetu aliyekuwa mgonjwa, nilimwita msichana mmoja asome. Alisimama wima akasoma ukurasa mzima bila kujikwaa, kwa sauti nzuri, akiteremsha kidole mstari kwa mstari. Nilitaka kumsifu. Kitu kimoja kilinizuia: kidole kilifika mwisho wa ukurasa kabla ya sauti. Nikamwonyesha neno moja peke yake katikati ya mstari, neno "kisima", nikamwuliza hapa pameandikwaje. Akajibu, "Mama anachota maji." Alikuwa ameukariri ukurasa kutoka kwa wenzake waliousoma kabla yake, na kwa njia hiyo alikuwa amepita madarasa manne, mikononi mwa walimu wanne, mmoja wao akiwa ndiye ninayeandika barua hii. Hakuwa mjinga hata kidogo. Mtoto anayeweza kukariri ukurasa kwa kusikia mara mbili ana akili kuliko wengi wetu. Alikosa mtu wa kumtazama kidole alipokuwa na miaka saba.

Tafiti za Uwezo, zinazopima watoto kusoma na kuhesabu, zimekuwa zikituambia jambo hilo tangu mwaka 2010, kwamba watoto wengi wa darasa la tatu hawawezi kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili, na kila zilipotangazwa tulibishana kuhusu mbinu za watafiti. Kisha watoto hao hao hufika kidato cha kwanza, ambako masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza, na baada ya miaka minne Baraza la Mitihani hutuonyesha kwamba wanaofaulu Hisabati hawavuki sana robo ya watahiniwa. Mwaka 2013, matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia yalipotoka na zaidi ya nusu ya watahiniwa wakiwa na daraja sifuri, nchi nzima ilisimama, Waziri Mkuu aliunda tume, na matokeo yale yakapangwa upya. Nakumbuka lawama zilivyoangukia walimu wa sekondari. Baadhi ya lawama zilistahili. Lakini wengi wa watoto wale walikuwa wameandika kidato cha nne kile ambacho sisi wa shule za msingi tulikuwa tumeandika ndani yao miaka kumi kabla.

Nisieleweke kwamba nawataka walimu wenye vyeti vikubwa zaidi. Historia yetu ni somo zuri hapa. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipoamua kila mtoto aingie shule ifikapo mwaka 1977, walimu hawakutosha, na vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu huku wakifundisha. Miaka thelathini baadaye, shule za sekondari za kata zilipoota kila mahali, tulichukua vijana wa kidato cha sita, tukawapa mafunzo ya wiki chache, na wananchi wakawabatiza "voda fasta". Nyakati zote mbili tulihesabu vichwa, na kwa sehemu kubwa tulivuna tulichopanda. Hata hivyo mwalimu aliyekuwa akifungua mafungu ya vijiti, niliyemtaja juu, alikuwa wa UPE, yaani wa ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote wa mwaka 1977. Aliingia darasani na cheti cha darasa la saba, kabla ya kupata kile cha Daraja A. Nilimwuliza alijifunzia wapi, akanijibu kwamba katika shule yake ya kwanza kulikuwa na bibi mmoja, mwalimu wa zamani, ambaye kwa miaka miwili alikaa nyuma ya darasa lake kila asubuhi akishona kitambaa, na baada ya kipindi alimwambia jambo moja tu la kurekebisha. Jambo moja kila siku, kwa miaka miwili. Sijawahi kuona semina iliyofanya hivyo.

Tumejaribu semina. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa, masomo mengi yakaondolewa ili muda ubaki kwa Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na walimu wa madarasa hayo wakapelekwa mafunzoni. Ulikuwa uamuzi wa busara na ninaupongeza bila kusita. Sasa naomba nikiri nilichokifanya. Mwalimu wangu mmoja alirudi kutoka mafunzo hayo akiwa amebadilika. Alianza kufundisha sauti za herufi badala ya majina yake, na ndani ya muhula mmoja watoto wake walikuwa wakisoma maneno ambayo hawajawahi kuonyeshwa. Nilipoona jinsi alivyo hodari, Januari iliyofuata nilimhamishia darasa la saba. Ofisi iliyokuwa juu yangu ilikuwa imenipa barua ya kujieleza kwa nini shule imeshuka nafasi katika matokeo ya wilaya, na hakuna ofisi iliyowahi kuniandikia kuuliza ni watoto wangapi wa darasa la pili hawajui kusoma. Nilifanya kile ambacho mfumo ulinilipa kukifanya. Darasa la kwanza nikampa kijana aliyetoka chuoni mwezi uliotangulia, na mwaka huo huo Serikali ilipoondoa ada na michango, watoto wakafurika, kijana yule akajikuta mbele ya watoto 140 ilhali kiwango tunachokitaja kwenye hotuba ni 45.

Baraza la Mitihani liliacha mwaka 2023 kutangaza shule kumi bora, na lilifanya vema. Lakini ngazi za chini hazikuacha. Katika wilaya na kata shule bado zinapangwa kwa nafasi za darasa la saba na la nne, walimu wakuu bado wanasimamishwa mbele ya wenzao, na vyeti vya pongezi na sufuria za zawadi hufuata nafasi hizo hizo. Mwalimu wa darasa la kwanza hajawahi kupewa sufuria.

Kuna jambo moja kutoka mbali ambalo limenifanya niandike kwa uhakika zaidi. Katika jimbo la Tennessee, Marekani, kuanzia mwaka 1985, watoto wa awali hadi darasa la tatu waligawanywa katika madarasa kwa kura, kwa lengo la kupima kama madarasa madogo yanasaidia. Wachumi wakiongozwa na Raj Chetty waliwafuatilia watoto hao walipokuwa watu wazima wa miaka 27 hivi, wakakuta kwamba waliopangiwa mwalimu mzoefu zaidi katika darasa la awali walikuwa na kipato kikubwa kidogo kuliko wenzao. Mwaka mmoja na mwalimu mmoja, mtoto akiwa na miaka mitano, bado ulionekana kwenye mshahara wa mtu mzima. Tabora si Tennessee, najua. Lakini kama mwalimu wa mwanzo anaacha alama mahali ambako nyumbani kuna vitabu na wazazi wanaosoma, mahali ambapo kitabu pekee anachokiona mtoto ni cha shule alama hiyo haiwezi kuwa ndogo zaidi.

Hapa kwetu tunao ushahidi wetu pia, nao si wa kubezwa. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza liliendesha majaribio ya KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10. Kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mtoto. Katika kundi la pili walimu wa darasa la kwanza hadi la tatu waliahidiwa fedha kwa kila mtoto atakayefaulu vipimo vya Kiswahili, Kiingereza na Hisabati. Kundi la tatu likapewa vyote viwili. Na kundi la nne halikupewa chochote ili lilinganishwe nayo. Baada ya miaka miwili, ruzuku peke yake haikuwa imewaongezea watoto ujuzi. Motisha peke yake ilileta matokeo ya kusuasua. Vilipowekwa pamoja, watoto walijifunza zaidi, na zaidi kuliko jumla ya kila kimoja kikiwa peke yake. Mimi ninavyoisoma habari hiyo, vitabu na chaki hulala kabatini mpaka mtu aone kwamba kazi yake na watoto wa darasa la kwanza inatazamwa na inathaminiwa. Na Benki ya Dunia ilipopima shule zetu mwaka 2014 ilikuta karibu nusu ya walimu waliopaswa kuwa wanafundisha saa hiyo hawamo darasani, wakati wengi wao walikuwapo shuleni. Walikuwa ofisini, walikuwa uwanjani wakisimamia usafi, walikuwa wakijaza takwimu zenu, na wengine, tusidanganyane, walikuwa chini ya mwembe.

Ninachoomba ni hiki. Tume ya Utumishi wa Walimu na TAMISEMI watoe mwongozo unaomtaka mwalimu mkuu amweke darasa la kwanza na la pili mwalimu aliyethibitika kuwa hodari, na amwache huko kwa miaka isiyopungua mitatu, bila kumhamisha ndani ya shule wala nje yake isipokuwa kwa sababu iliyoandikwa. Mwalimu huyo apewe posho yake, hata ikiwa ndogo, kama mwalimu mkuu anavyopewa posho ya madaraka, ili darasa la kwanza liache kuwa adhabu na liwe cheo. Mwalimu mkuu apimwe kwanza kwa usomaji wa darasa la pili. Sisemi muongeze mtihani mwingine. Mdhibiti ubora wa shule anaweza kuketi chini ya mti na watoto kumi aliowachagua mwenyewe, akawapa kila mmoja aya moja ambayo hawajaiona, na kabla ya saa nne asubuhi akawa anajua kuhusu shule hiyo kuliko ninavyojua mimi niliyeiongoza.

Kuhusu mafunzo, MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini) ni wazo zuri ambalo mahali pengi linafanyika baada ya saa za kazi, walimu wakiwa na njaa na macho kwenye saa. Litengewe kipindi ndani ya ratiba. Jirani zetu wa Kenya, walipoanza mpango wa Tusome nchi nzima mwaka 2015 kwa madarasa ya mwanzo, hawakuishia kwenye kugawa vitabu na miongozo ya mwalimu. Maafisa wa mitaala waliokuwa wakizunguka kwenye kata zao waligeuzwa kuwa walezi, wakawa wanaingia darasani, wanasikiliza kipindi, wanawasomesha watoto wachache, kisha wanakaa na mwalimu kuzungumza walichokiona. Usomaji ukapanda. Sisi tunao maafisa elimu kata nchi nzima, na wengi wao wana pikipiki. Kwa sasa wanazitumia kupeleka fomu. Wageuzwe wawe yule bibi wa kushona kitambaa.

Na katika ajira, usaili wa walimu ni hatua mbele, kwa kuwa kuchagua ni bora kuliko kupanga foleni kwa mwaka wa kuhitimu, ingawa natambua uchungu wa vijana waliokaa mtaani miaka mingi wakisubiri. Nawasihi tu kwamba anayeomba kufundisha madarasa ya chini asimamishwe mbele ya watoto 40 kwa dakika 30, afundishe tofauti ya "nga" na "ng'a", na mmoja wa wasaili awe mwalimu wa darasa la kwanza ambaye bado yuko kazini. Karatasi ya maswali haiwezi kuonyesha kama mtu huona kidole cha mtoto.

Nina haraka kwa sababu ya kalenda yenu wenyewe. Kwa mfumo mpya wa Sera ya Elimu na Mafunzo, unaopunguza shule ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, darasa la sita na la saba watamaliza pamoja mwaka 2027, na mwaka 2028 makundi mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Ninaona madarasa yakijengwa, na ninaona matangazo ya ajira. Naogopa kwamba presha hiyo itawavuta walimu wazuri wa shule za msingi kwenda juu, kama ilivyotokea enzi za shule za kata, ambapo shule yangu ilipoteza walimu watatu wenye diploma kwa mwaka mmoja, na nafasi zao katika madarasa ya chini zikazibwa na yeyote aliyepatikana.

Walimu wakuu watakaa tena Januari na karatasi ya ratiba mezani. Naomba mwongozo huo uwe umewafikia kabla shule hazijafunguliwa, na uwe na sahihi ya mtu ambaye ofisa wa wilaya hawezi kumpuuza, ili mwalimu mkuu atakayetaka kumweka hodari wake darasa la kwanza awe na karatasi ya kuonyesha atakapoulizwa kwa nini shule imeshuka nafasi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mkuu mstaafu,
Mkoa wa Tabora.

Nakala: Chama cha Walimu Tanzania, Taasisi ya Elimu Tanzania, kamati za shule zote za msingi.